Mguu Hupimwa, Akili Haiulizwi

Mgonjwa wa kiharusi anaporuhusiwa kutoka wodini, maswali ya ndugu huwa ni ya viungo. Ameanza kutembea? Mkono unashika kijiko? Mdomo uliopinda umerudi? Daktari naye hugonga goti, huinua mkono uliolegea, hupima presha na kuandika kwamba hali inaendelea vizuri. Yote hayo ni ya lazima. Lakini kilichoumia ni ubongo, na ubongo una kazi nyingine nyingi mbali na kutembeza miguu. Ndio unaopanga, unaokumbuka, unaosubiri zamu ya kusema, unaojua kwamba chumvi imeshatiwa. Majeraha ya upande huo hatuyaulizi, na mgonjwa mwenyewe mara nyingi hawezi kuyasema, kwa sababu chombo cha kuyasemea ndicho kilichojeruhiwa.

Baba yangu mdogo alikuwa fundi cherehani mjini Moshi. Kiharusi kilimpata akiwa na miaka 58. Baada ya miezi mitatu alikuwa anatembea bila fimbo, mkono wa kulia ukiwa hauna tatizo lolote, na sote tukasema amepona. Siku aliporudi kwenye meza yake ya kukatia nilikuwepo. Alichukua tepu akanipima mabega, akaandika namba sahihi kabisa. Akatandaza kitambaa, akashika chaki. Halafu akakaa. Akainuka, akanipima mabega yale yale kwa mara ya pili. Akachukua mkasi, akauweka. Mwisho akaingia kushona kola ya shati ambalo bado halijakatwa. Nikamuuliza, "Baba mdogo, umechoka?" Akanitazama muda mrefu. "Mwanangu, kushona najua. Sijui kinaanza kipi."

Nimesoma maelezo mengi ya kitaalamu tangu siku hiyo, na sijakuta lililoieleza hali ile kwa usahihi kuliko maneno yake. Wataalamu huiita upungufu wa uwezo wa kupanga na kusimamia kazi. Ni moja ya madhara ya kawaida kabisa ya kiharusi kwenye akili, na huwapita watu machoni kwa urahisi, kwa kuwa mgonjwa anaongea vizuri, anawatambua wageni, anasali sala zake bila kukosea. Taarifa ya Chama cha Moyo cha Marekani ya mwaka 2023 inasema hadi asilimia 60 ya walionusurika kiharusi hupata upungufu fulani wa akili ndani ya mwaka wa kwanza. Kwa wengi ni wa kiasi. Kwa baadhi hupungua wenyewe katika miezi mitatu hadi sita ya mwanzo, wakati ubongo unapojipanga upya. Kwa wengine huendelea mpaka kuwa dimenshia, yaani mtu kushindwa kujitegemea katika shughuli za kila siku kwa sababu ya akili.

Ukubwa wa jeraha peke yake hautoshi kutabiri nani atapata nini. Mshipa unaweza kuziba au kupasuka, na kinachoharibika hutegemea sana mahali. Katikati ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo thalamasi, ambayo taarifa nyingi hupita humo zikienda juu. Jeraha dogo hapo linaweza kuzima kumbukumbu na uchangamfu wa mtu kwa siku moja bila kumpooza hata kidole. Na kuna njia nyingine ya kimyakimya zaidi. Presha ya miaka mingi hukaza kuta za mishipa midogo iliyo ndani ndani ya ubongo, na nyuzi zinazounganisha sehemu moja na nyingine zikanyauka kwa kukosa damu. Hapo hakuna siku ambayo mtu anaanguka. Anaanza kutembea kwa hatua fupi, anachelewa kujibu, mkojo unambana ghafla, anapoteza hamu ya mambo aliyoyapenda. Nyumbani wanasema ni uzee. Akipigwa picha ya MRI huonekana makovu mengi madogo ambayo hakuna aliyejua yanatokea.

Ndiyo maana picha ya mzee anayesahau majina ya wajukuu, ambayo wengi wetu tunayo tukisikia neno dimenshia, inapotosha. Hiyo ni sura ya ugonjwa wa Alzheimer, ambao kwa kawaida huanza na kusahau. Ugonjwa wa mishipa mara nyingi huanza na kasi na mpangilio. Mama anayekumbuka kila ng'ombe aliyetolewa kwenye mahari ya binti yake anashindwa kupika pilau, kwa sababu kitunguu, nyama, viungo na mchele vina zamu zake, na zamu ndizo zilizopotea. Katika umri mkubwa magonjwa haya mawili hukaa pamoja ndani ya ubongo mmoja mara nyingi kuliko tunavyodhani.

Kwa watu wengi lugha imekaa upande wa kushoto wa ubongo. Upande huo ukiumia, mtu anaweza kuelewa yote lakini maneno yasimtoke, au maneno yakatoka mfululizo huku hayana maana. Hiyo ni afasia, na kosa kubwa la familia ni kuichukulia kuwa akili imekwisha, wakaanza kumjadili mgonjwa akiwa amekaa katikati yao anasikia kila neno. Kwetu kuna jambo la ziada. Mzee wa Kilimanjaro amekulia Kichagga, amesoma kwa Kiswahili, labda amefanya kazi kwa Kiingereza. Kiharusi hakizigusi lugha zote kwa kiasi kilekile. Mwaka 1895 daktari Mfaransa Albert Pitres aliandika kwamba lugha aliyoizoea mtu zaidi ndiyo inayoelekea kurudi kwanza, ingawa wagonjwa wengi wamekwenda kinyume chake tangu hapo. Mgonjwa aliyenyamaza mbele ya daktari anayemuuliza kwa Kiswahili asiandikiwe chochote kuhusu akili yake mpaka dada yake amuulize kwa Kichagga.

Upande wa kulia ukiumia, mtu anaweza kuipoteza nusu ya kushoto ya dunia. Macho hayana kasoro, lakini anakula wali wa upande wa kulia wa sahani na kulalamika kwamba amepunjwa. Ananyoa shavu moja. Anagonga bega la kushoto kwenye fremu ya mlango kila anapopita. Mwaka 1978 Edoardo Bisiach na Claudio Luzzatti wa Milan waliwaomba wagonjwa wa aina hii wauwaze uwanja wa kanisa kuu la jiji lao wakiwa wamesimama upande wa mbali, wakilitazama kanisa. Wakataja majengo ya kulia, ya kushoto wakayaacha. Kisha wakaombwa wajione wamesimama mlangoni mwa kanisa, wakitazama kule walikotoka. Sasa wakayataja yale waliyoyaacha na kuyasahau yale waliyoyataja dakika chache kabla. Kumbukumbu ilikuwepo nzima. Kilichokosekana ni uwezo wa kuangalia kushoto, hata kwa macho ya moyoni. Kwa mtu wa namna hii, kumwambia "zingatia" hakusaidii kitu. Kumgeuzia sahani kunasaidia.

Tanzania tuna takwimu za kwetu kuhusu uzito wa tatizo, na ni jambo la kujivunia, maana nchi nyingi za Afrika hazina. Kati ya 2003 na 2006 wagonjwa wapya wa kiharusi walifuatiliwa katika wilaya ya Hai na katika sehemu ya jiji la Dar es Salaam, kwenye maeneo ambayo watu wake walikuwa wakihesabiwa mara kwa mara. Umri ukisawazishwa, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya wapatao 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam 316. Utafiti uliochapishwa 2013, tena Hai, ulikuta dimenshia kwa asilimia 6.4 ya watu wenye miaka 70 na kuendelea. Katika rika hilohilo la wilaya hiyohiyo, karibu watu saba kati ya kila kumi walikuwa na presha ya juu, na wachache sana miongoni mwao walikuwa na presha iliyodhibitiwa kwa dawa.

Weka takwimu hizo mbele ya hesabu iliyofanywa Oxford mwaka 2009 na Sarah Pendlebury na Peter Rothwell, waliokusanya tafiti nyingi za dunia. Mtu mmoja kati ya kumi alikuwa na dimenshia kabla ya kiharusi chake cha kwanza. Mmoja kati ya kumi aliipata muda si mrefu baada ya kiharusi cha kwanza. Baada ya kiharusi cha pili, waliokuwa nayo walizidi theluthi moja. Kutoka moja ya kumi kwenda zaidi ya theluthi: sijui takwimu nyingine yenye maana kubwa kuliko hii kwa familia iliyo na mgonjwa ndani. Kuzuia kiharusi cha pili ndiyo tiba kubwa kuliko zote za akili tuliyonayo, na karibu vifaa vyake vyote vinapatikana kwenye zahanati.

Lakini kabla ya tiba kuna kupima, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo tunapokosea kuanzia mlangoni.

Kosa la kwanza ni la wakati. Siku za mwanzo wodini mgonjwa anaweza kukutambua asubuhi na jioni akawa anavua nguo na kuita watu waliokufa. Hali inayopanda na kushuka ndani ya saa chache si dimenshia. Ni kuchanganyikiwa kwa ghafla, na nyuma yake kuna kitu cha kutafutwa siku hiyohiyo: nimonia kutokana na chakula kilichopita njia ya hewa, maambukizi ya mkojo, sukari iliyoshuka, chumvi ya damu iliyopungua, choo kilichoganda siku tano, kibofu kilichojaa. Kikipatikana na kutibiwa, akili hurudi. Kisipotafutwa, mgonjwa hufungwa mikono kitandani na ndugu huambiwa wazoee. Jina la dimenshia lisitolewe mapema namna hiyo. Wataalamu wengi husubiri takriban miezi mitatu, huku wakichungulia mapema mambo ya hatari ya papo hapo, kama vile iwapo mtu anaweza kuachiwa dawa zake azinywe mwenyewe.

Kosa la pili ni la kipimo chenyewe. Kinachotumika sana duniani ni MoCA, kilichotolewa 2005 na Ziad Nasreddine wa Kanada. Kina alama 30: unanakili mchemraba, unachora saa, unataja majina ya simba, kifaru na ngamia, unakumbuka maneno matano baada ya dakika chache. Ni kipimo kizuri kwa wagonjwa wa kiharusi kwa sababu kinagusa kupanga na umakini, wakati kile cha zamani cha MMSE, cha mwaka 1975, kinaelemea kumbukumbu na lugha. Lakini bibi aliyeacha shule darasa la tatu hajawahi kuchora mchemraba maishani mwake. Kushindwa kwake kunasema habari za shule, si za mishipa. MoCA humwongezea alama moja mtu asiyesoma zaidi ya miaka 12, na alama moja haitoshi kuziba pengo la aina hiyo.

Na saa ya MoCA ina mtego wake kwa Mswahili. Maelekezo ya Kiingereza yanataka saa iwekwe kwenye kumi na moja na dakika kumi. Mtafsiri asiye makini akiandika "saa kumi na moja na dakika kumi", mzee atauweka mshale mfupi kwenye tano, kama alivyosoma saa maisha yake yote, na atakuwa sahihi. Mpimaji mwenye karatasi ya majibu atamnyima alama. Inavyopaswa kusemwa ni saa tano na dakika kumi. Jambo dogo hivyo linaweza kumpa mtu mzima jina la ugonjwa.

Ndiyo maana kazi iliyofanyika Hai inanigusa. Watafiti wa huko, wakishirikiana na wenzao wa Newcastle na wa Nigeria, walitengeneza kipimo kifupi kisichohitaji kalamu. Mzee hutakiwa kutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, kujua ni siku gani ya wiki, kumtaja kiongozi wa kijiji chake, kukumbuka maneno aliyosomewa, na kupanga njiti za kiberiti zifanane na mchoro aliowekewa. Njiti za kiberiti kila mkono umeshazishika. Huwezi kulilaumu darasa la tatu kwa mpango mbovu wa njiti.

Kwa mgonjwa wa kiharusi bado kuna la kuongeza. Apewe miwani yake kabla ya kupimwa, aulizwe kutoka upande anaosikia, na asipewe kazi ya kuandika kwa mkono uliopooza. Wenye afasia au waliopoteza upande mmoja wanafaa kupimwa kwa kipimo cha Oxford cha mwaka 2015, kilichotengenezwa kwa ajili yao. Na hakuna karatasi inayofikia maelezo ya anayeishi naye, akiulizwa maswali ya kushikika. Nani anahesabu chenji siku hizi? Ameshapotea njia ya kutoka sokoni? Anarudia swali lilelile? Na haya yalianza lini, kabla ya kuanguka au baada? Swali hilo la mwisho hufungua mlango wa yule mmoja kati ya kumi aliyekuwa anadhoofika kabla ya kiharusi bila mtu kumwona.

Kisha kuna yanayofanana na upungufu wa akili na kumbe yana tiba yake. Kubwa kuliko yote ni sonona. Karibu theluthi ya waliopata kiharusi huipata, na mtu mwenye sonona hufikiri polepole, husahau, hukataa kula, husema "sijui" kwa kila swali. Akitibiwa, sehemu ya akili iliyodhaniwa imepotea hurudi. Kuna pia kukosa msukumo, ambako si huzuni: mtu hana kinyongo na lolote, lakini asipoambiwa aoge hataoga wiki nzima. Ndugu humwita mvivu. Ni jeraha, na kumfokea hakulitibu. Daktari ataangalia pia tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, kaswende, virusi vya UKIMWI, na kifafa kilichofuata kovu.

Na ataangalia mfuko wa dawa. Baba mdogo alipoanza kuwashwa ngozi, duka la dawa la jirani likampa klorofeniramini, ambayo wengi huiita Piriton, juu ya amitriptilini aliyokuwa amepewa kwingine kwa maumivu ya bega. Ndani ya siku nne hakujua siku wala mwezi, na usiku alikuwa akitafuta kondoo ndani ya nyumba. Tulidhani kiharusi kingine. Muuguzi mmoja akatuomba tumletee dawa zote mezani, akatenga hizo mbili, daktari akaziondoa, na wiki iliyofuata aliyekuwa anatafuta kondoo akaniuliza Simba wamecheza na nani. Dawa za kundi hilo huzuia kemikali ileile ambayo ubongo huitumia kukumbuka. Diazepamu na dawa za mafua zenye kuleta usingizi zina lawama kama hiyo. Mgonjwa wa kiharusi asipewe hata moja bila swali.

Sasa tiba. Nianze na presha, kwa sababu ndiyo yenye ushahidi mzito. Utafiti wa PROGRESS, uliotoa matokeo kuanzia 2001, uliwafuatilia watu 6,105 waliowahi kupata kiharusi au dalili zake za muda. Waliopewa dawa za kushusha presha walipata kiharusi kingine kwa asilimia 28 pungufu. Upande wa akili, dimenshia iliyoambatana na kiharusi cha pili ilipungua kwa asilimia 34, lakini dimenshia isiyohusiana na kiharusi kipya haikupungua kwa kiwango cha kuaminika. Nalipenda jibu hilo kwa ukweli wake. Linasema dawa ya presha inailinda akili hasa kwa kuizuia isipigwe tena. Utafiti wa SPRINT, wa 2019 kwa upande wa akili, ulionyesha kwamba kuishusha namba ya juu ya presha hadi chini ya 120 badala ya chini ya 140 hupunguza upungufu mdogo wa akili kwa asilimia 19, ila haukuwachukua watu waliowahi kupata kiharusi wala wenye kisukari, kwa hiyo lengo la mgonjwa wetu apangiwe na daktari wake.

Dawa zenyewe si za anasa. Utafiti wa CREOLE, uliochapishwa 2019 na uliofanyika katika nchi sita za Afrika zikiwemo Kenya na Uganda, ulionyesha kwamba kwa Waafrika weusi amlodipini ikiunganishwa na dawa ya kuongeza mkojo au na perindoprili hushusha presha vizuri kuliko hizo mbili bila amlodipini. Amlodipini ni kidonge cha bei nafuu. Shida yake ni kwamba hakiumi kukiacha. Mtu hujisikia vizuri akakiacha, na kidonge kinachoachwa na mtu aliyepoteza mpangilio hakiachwi kwa ukaidi: amesahau kama amekinywa, au amekinywa mara mbili. Hapo ndipo upungufu wa akili unapoilisha presha na presha ikaulisha upungufu wa akili.

Yaliyobaki nitayapita haraka. Aliyezibwa mshipa hupewa aspirini au mfano wake, na statini. Aliyepasukiwa mshipa ana maelekezo tofauti, hivyo aspirini ya kujinunulia inaweza kumuua kabla haijajulikana ni aina gani. Mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio huhitaji dawa ya kuzuia damu kuganda; ikiwa chanzo ni vali iliyoharibiwa na homa ya rumatiki, ambayo bado ni ugonjwa wetu, utafiti wa INVICTUS wa 2022 uliibakiza warfarini au dawa za kundi lake mahali pa kwanza. Sukari idhibitiwe bila kushushwa kupita kiasi, maana kila kushuka kwa sukari ni pigo jingine kwa ubongo. Sigara iachwe. Chumvi ipungue. Anayekoroma na kukatikiwa pumzi usingizini achunguzwe.

Vidonge vya kumbukumbu? Familia huuliza hivyo kabla ya yote, na baadhi huuza mbuzi kuvipata. Donepezili na memantini, zilizotengenezwa kwa ajili ya Alzheimer, huleta nafuu ndogo kwa ugonjwa wa mishipa, na miongozo ya Uingereza inazikubali pale tu inaposhukiwa kuna Alzheimer ndani yake au ugonjwa mwingine unaozifaa. Sitikolini na pirasetamu huandikwa sana. Utafiti mkubwa wa Ulaya wa 2012, wenye wagonjwa karibu 2,300, haukuona faida ya sitikolini kwa kiharusi kilichotoka kutokea, na ushahidi wa kurejesha akili miezi baadaye ni dhaifu. Fedha ya mwezi mmoja ya vidonge hivyo hununua amlodipini ya muda mrefu. Nikiulizwa na ndugu yangu, nitamwambia hivyo bila kumung'unya.

Tiba inayobaki haimo kwenye chupa, imo kwenye nyumba. Wataalamu wake huitwa wa tiba kwa vitendo, na hospitali ya KCMC pale Moshi inawafundisha, ila ni wachache mno kwa nchi nzima. Wao hawaulizi umepoteza nini bali unataka kufanya nini asubuhi, kisha huivunja kazi hiyo vipande vipande. Kanuni yao moja ni kumfundisha mtu bila kumwacha akosee, kwa sababu ubongo uliojeruhiwa hulikumbuka kosa kama somo. Usimwulize "unakumbuka kinachofuata?" ukamwacha ahangaike. Mwonyeshe, afanye, umwonyeshe tena. Sauti ya redio izimwe wakati wa kazi. Jambo moja kwa wakati mmoja. Vitu vikae mahali pamoja siku zote, kisanduku cha dawa chenye vyumba vya siku kikae kando ya kikombe cha chai, kalenda kubwa ya ukutani ikatwe kila siku iliyopita. Mazoezi ya mwili, hata kutembea hadi dukani na kurudi, yafanyike kila siku.

Hai walijaribu pia tiba ya kuchangamsha akili kwa vikundi, vikao 14 ndani ya wiki saba, vya kuzungumza, kuimba, kutaja vyakula vya zamani, kucheza. Wazee 34 wenye dimenshia walishiriki, na matokeo yaliyochapishwa 2017 yalionyesha akili na hali ya maisha zikipanda. Hawakuwa wote wa kiharusi. Lakini anayejua kinachotokea barazani wazee wanapokaa pamoja jioni hatashangaa. Mgonjwa wetu huondolewa barazani siku ileile anapoanza kurudia maneno, kwa aibu ya familia, na upweke humalizia kazi iliyoanzwa na mshipa.

Kuna suala la fedha na mali, na hapa familia nyingi huvunjika. Namba ya siri ya simu ndiyo hupotea mapema, na yule anayemsaidia kuiingiza ndiye anayejua salio. Wapo wanaosaidia kwa upendo, na wapo wanaouza shamba. Kosa la upande mwingine ni kuitisha kikao cha ukoo na kutangaza kwamba mzee hana akili tena, basi kila kitu kipite kwa mtoto mkubwa. Uwezo wa kuamua haupotei kwa mkupuo. Mtu anayeshindwa kuelewa mkataba wa kuuza kiwanja anaweza kujua kabisa nani anataka amtunze na wapi anataka kuzikwa. Aulizwe jambo kwa jambo, wakati wa siku anapokuwa mchangamfu, mbele ya shahidi asiye na faida katika jibu.

Wengi huchelewa kufika popote kwa sababu ya wanachoamini. Mwaka 2008 Gerry Mshana na wenzake walichapisha utafiti wa wanachofikiri watu kuhusu kiharusi, na matokeo yake yalinishangaza: jijini Dar es Salaam ndiko walikotaja zaidi mapepo na uchawi, wakati Hai vijijini walitaja presha, chakula na msongo wa mawazo. Sitamcheka mtu anayekwenda kwa mganga. Mtu aliyebadilika tabia usiku mmoja kweli anaonekana kama aliyeingiliwa. Ombi langu kwa familia hiyo ni kwamba kidonge cha presha kisiachwe wakati wa safari hiyo.

Mama mdogo hakusoma lolote kati ya haya. Baada ya wiki kadhaa za kumwona mumewe akihangaika mezani, aligonga misumari saba kwenye ukuta wa kibanda, kutoka kushoto kwenda kulia, akatundika kila kifaa kwa zamu yake: tepu, chaki, mkasi, pini, bobini, sindano ya vifungo, na mwisho pasi ndogo. Baba mdogo akishatumia kifaa, anakitia kwenye ndoo chini. Kinachofuata ni kile kilichobaki ukutani. Mashati ya harusi aliyaacha. Anashona mashati meupe ya shule, ya mkato mmoja, na binti yake ndiye anayepokea fedha. Nilipopita Januari hii foleni ya akina mama na watoto ilikuwa imefika barabarani. Nikamwamkia kutoka nje, akaitikia marahaba bila kugeuka. Ndoo ilikuwa na vifaa vinne, na mkono wake ulikuwa unakwenda kwenye msumari wa tano.